Kachumbari mjini Brussels: safari ya nyanya, tango na kitunguu

Katika mtaa ambako kanuni za Umoja wa Ulaya huandikwa, bakuli moja la nyanya na matango lilizua ubishi mezani. Je, kachumbari ni saladi tu? Makala yetu ya historia wiki hii inalitafutia swali hilo jibu.

Mpenzi msikilizaji, ukifika mjini Brussels siku ya Jumapili asubuhi, usiende Berlaymont. Jengo hilo, ambalo ndilo makao ya Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya, huwa kimya siku hiyo, na walinzi wake hawana wa kumkagua. Teremka kwa miguu kiasi cha robo saa, upite kando ya bustani ya Parc Léopold na bwawa lake, hadi uwanja wa Place Jourdan. Huko ndiko Quartier européen, yaani mtaa wa Ulaya, hukumbuka kwamba nao ni mtaa kama mitaa mingine. Watu wanapanga foleni mbele ya kibanda cha chipsi cha Maison Antoine, kilichoanza biashara mwaka 1948, na wachuuzi wa soko la Jumapili wananadi mboga zao kwa Kifaransa.

Ni katika soko hilo nilikonunua, siku moja ya kiangazi, nyanya sita, tango moja na vitunguu maji viwili vyekundu. Nilikuwa na wageni wa mchana, na pilau ilikwisha kutiwa moto. Ndimu, pilipili mbuzi na kotimiri nilizifuata Matonge, mwendo wa dakika kumi hivi kutoka Bunge la Ulaya. Sehemu hiyo ya Ixelles ilipewa jina la Matonge ya Kinshasa, kwa sababu ya wanafunzi na wafanyabiashara wa Kikongo walioanza kukusanyika hapo tangu miaka ya 1960. Pembezoni mwake, tangu tarehe 30 Juni mwaka 2018, upo uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Na hatua chache kutoka hapo, mfalme Leopold wa Pili bado amekaa juu ya farasi wake wa shaba. Kati ya hao wawili ndipo mimi hununulia pilipili.

Mezani tulikuwa watano: mzee mmoja wa Bukavu aliyekaa Ubelgiji zaidi ya miaka 30, dada mmoja wa Mombasa, bwana mmoja aliyezaliwa Unguja na kukulia Maskati, mwenzangu wa kazini ambaye ni Mbelgiji, na mimi mtu wa Tanga. Yule Mbelgiji alijichotea kachumbari, akatafuna, akasema kwa adabu kabisa: "Nzuri sana. Ni saladi ya nyanya na matango. Hata sisi tunayo."

Mzee wa Bukavu akaweka kijiko chini. "Mwanangu," akaniambia kwa Kiswahili, "mueleze mwenzako huyu. Hii si saladi."

Nilijaribu kumweleza, nikashindwa. Niligundua kwamba sikuwa na hoja yoyote ila kusema "kwetu ndivyo tunavyofanya", na hiyo si hoja, hasa mbele ya mtu ambaye kwao pia wana nyanya, wana matango na wana visu. Haya ninayoyasema leo ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile.

Wageni katika bakuli moja

Tuanze kwa kukiri jambo moja. Katika vyote vilivyokuwamo bakulini mwangu, hakuna hata kimoja kilichoota kwa mara ya kwanza katika mwambao wetu.

Kitunguu kilitoka Asia ya Kati, na Wamisri wa kale walikwisha kukizoea kabla ya historia nyingi kuandikwa. Tango ni mtoto wa Bara Hindi: ndugu yake wa porini, mdogo na mchungu, bado anaota chini ya milima ya Himalaya. Wasomaji wa vitabu vitakatifu wanawakuta wawili hao wakiwa pamoja. Katika Qur'ani, Surat al-Baqara aya ya 61, na katika Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 11, Wana wa Israeli waliochoka na chakula cha jangwani wanakumbuka matango na vitunguu vya Misri. Wataalamu wa mimea hubishana iwapo tango la wakati ule ndilo hili la leo au ni jamaa yake wa ukoo wa matikiti. Hilo tuwaachie wao. Lililo wazi ni kwamba watu walililia tango na kitunguu kabla nyanya haijajulikana kokote upande huu wa dunia.

Nyanya ndiye mgeni wa mwisho kufika, na habari zake, kwa mshangao wangu, zinapita papa hapa Brussels. Nyanya tunayoila ililimwa na wenyeji wa Mexico, na jina lake katika lugha yao ya Nahuatl, *tomatl*, ndilo lililozaa neno *tomate* la Kihispania na "tomati" ya mzee wangu wa Bukavu. Mwaka 1519 Hernán Cortés alimpelekea mfalme wake Karl wa Tano vitu vya thamani kutoka nchi hiyo, na mwaka uliofuata vitu hivyo vikaoneshwa mjini Brussels. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer aliviona hapa mwaka 1520 na akaandika katika shajara yake jinsi alivyostaajabishwa navyo. Mwaka 1521 mji mkuu wa Waazteki ulianguka. Dhahabu ilitangulia, mbegu zikafuata bila kelele.

Ulaya haikuipokea nyanya kwa mikono miwili. Mtaliano Pietro Andrea Mattioli aliitaja mwaka 1544. Miaka kumi baadaye tabibu Rembert Dodoens, mzaliwa wa Mechelen, mji ulio kati ya Brussels na Antwerpen, aliiingiza katika kitabu chake kikubwa cha mimea. Kwa wasomi hao nyanya ilikuwa kitu cha kutazamwa bustanini kuliko cha kuliwa, maana majani na maua yake yaliwakumbusha mimea yenye sumu ya ukoo huo huo. Ilipita zaidi ya karne moja kabla Antonio Latini, msimamizi wa karamu za wakubwa mjini Naples, hajachapisha katika miaka ya 1690 maelekezo ya mchuzi wa nyanya "wa Kihispania": nyanya zichomwe, zimenywe, zikatwekatwe, zichanganywe na kitunguu, pilipili, chumvi, mafuta na siki. Ondoa moto, ondoa mafuta, na mtu wa Tanga angesogeza sahani.

Mechelen, kwa taarifa yako msikilizaji, ingali katika habari hii. Kando yake, Sint-Katelijne-Waver, ndiko kwenye mnada mkubwa wa mboga wa Ubelgiji na nyumba za vioo zisizohesabika. Nyanya nyingi zinazouzwa Brussels hutokea huko, karibu kabisa na alikozaliwa tabibu aliyezitilia shaka.

Jina la mwenyeji, mwili wa mgeni

Kwetu sisi mlango wa mazao ya Marekani ulifunguliwa na Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi Aprili mwaka 1498, na katika karne mbili za kuja na kuondoka kwao, hadi walipotolewa katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1698, walituachia meza, leso na gereza. Mahindi, muhogo na pilipili kali navyo vilivuka bahari katika zama hizo.

Angalia namna Waswahili walivyowapokea wageni hawa. Pilipili tayari lilikuwa jina la ile pilipili manga, kiungo cha zamani cha biashara ya Bahari ya Hindi. Zao jipya lilipokuja na ukali wake, likapewa jina hilo hilo. Nyanya nayo haikuitwa kwa jina la kigeni. Jina lake ni moja na la nyanya chungu, ambayo ni mmea wa Afrika wa ukoo mmoja nayo, kana kwamba mgeni aliambiwa: wewe tunakujua, ndugu yako yuko hapa. Visiwani na sehemu za pwani wakaiita tungule. Kongo ya mashariki ndiyo iliyoshika tomati, kwa kupitia Wabelgiji. Kwa hiyo mezani kwangu siku ile tunda moja lilikuwa na majina matatu, na kila aliyelitaja alidhani ndiye anayesema Kiswahili.

Lakini kachumbari yenyewe? Hapo hatuna budi kuvuka tena kwenda Bara Hindi. Neno hilo ni la Kihindi na Kigujarati, *kachumbar*, na katika Kihindi na Kiurdu *kachumar* ni kitu kilichopondwapondwa. Kumtoa mtu *kachumar* ni kumpiga hadi alainike. Wafanyabiashara wa Gujarat walikuwapo Malindi siku ile Wareno walipofika. Katika karne ya 19, Seyyid Said alipoufanya mji wa Zanzibar kuwa makao yake, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kachchh, ndiyo iliyokodishiwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha. Kisha ikaja reli ya Uganda, kati ya mwaka 1896 na 1901, na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Wote hao walikula, na walikula na watu.

Na hapa ndipo penye jibu la mzee. Saladi ya Mbelgiji ina sahani yake na zamu yake. Nyanya hujazwa kamba wadogo wa Bahari ya Kaskazini na mayonezi, ikaletwa mwanzo wa chakula, ikaliwa, ikaisha. Kachumbari haina mafuta, na haikai peke yake. Kazi yake ni kusimama ubavuni mwa kitu kizito: pilau, biriani, mshikaki, nyama choma ya Nairobi, *muchomo* ya Kampala. Ndimu hukata mafuta, kitunguu huamsha ulimi, na maji ya nyanya hulainisha wali. Ukimkuta mtu anakula bakuli zima la kachumbari bila kitu kingine, utamuuliza kama anaumwa. Mimea imetoka Mexico na Asia, jina limetoka Gujarat. Lakini cheo hicho cha kuwa msaidizi wa chakula cha sherehe, kutoka Lamu hadi Bujumbura, tumekiweka sisi wenyewe katika mila zetu. Ndicho alichokuwa akikitetea mzee wa Bukavu, ambaye kwao hakuna dau wala mnazi.

Namna ya kuitengeneza

Kwa kuwa nimesema mengi, haifai nikuache na njaa. Kata vitunguu viduara vyembamba kadiri kisu kinavyoruhusu. Vitie chumvi, uvifikiche kwa mkono mpaka vilegee na kutoa maji, kisha uvioshe kwa maji baridi mara mbili na kuvikamua. Asiyefanya hivi atakula kitunguu mpaka jioni. Nyanya ziwe zimeiva lakini ngumu. Zikate vipande vyembamba, na kama zina maji mengi, punguza mbegu.

Tango lina siri yake. Lile refu la nyumba za vioo, linalouzwa Brussels likiwa limevikwa plastiki, lina ngozi laini na mbegu changa, na halihitaji kumenywa. Tango fupi la kwetu limenye, na ukate ncha yake kwanza uonje, kwa maana uchungu hukaa sana upande wa kikonyo. Lipasue katikati, kwangua mbegu kwa kijiko, kisha ukate. Chumvi huvuta maji ya tango kwa haraka. Kwa hiyo chumvi ya mwisho itiwe dakika chache kabla ya kuandaa, ama sivyo utaleta mezani supu. Kamulia ndimu mbili. Katia pilipili mbuzi bila kuigusa macho, na kotimiri, ambayo Kenya huiita dania. Bwana wetu wa Maskati hukazania siki badala ya ndimu. Nilimwachia aseme.

Tango lililopimwa kwa rula

Nilipokuwa nakata tango lile nilikumbuka kwamba hakuna mboga iliyowahi kuupa mtaa huu sifa mbaya kama hiyo. Tarehe 15 Juni mwaka 1988 ilitolewa kanuni namba 1677 ya Jumuiya ya Ulaya, inayohusu ubora wa matango. Tango la daraja la juu kabisa, na la daraja la kwanza, lilitakiwa liwe karibu limenyooka: katika kila sentimita 10 za urefu, upinde wake usizidi milimita 10. Magazeti ya Uingereza yaliishikia bango kwa miaka mingi, wakaandika kwamba Brussels imepiga marufuku tango lililopinda. Hadithi hiyo, pamoja na ya ndizi, ilikuwa ingali inasimuliwa katika kampeni ya kura ya maoni ya Uingereza mwaka 2016.

Marufuku haikuwapo. Tango la daraja la pili liliruhusiwa kupinda mara mbili ya kipimo hicho, na yaliyopinda zaidi yalitakiwa tu kupakiwa peke yake. Sababu ilikuwa ya kibiashara: matango yaliyonyooka hupangika katika sanduku, na mnunuzi wa Hamburg anajua ananunua mangapi kutoka Uhispania bila kulifungua. Wala tango halinyooshwi na sheria. Likiachwa lining'inie kutoka kwenye uzi, uzito wake wenyewe hulinyoosha. La kwetu linalotambaa ardhini ndilo hupinda.

Mwezi Novemba mwaka 2008 kamishna wa kilimo wa wakati huo, Mariann Fischer Boel kutoka Denmark, alipendekeza kanuni hizo zifutwe kwa mazao 26. Nchi 16 kati ya 27 wanachama zilipinga, lakini kura zao hazikutosha kuzuia. Tarehe 1 Julai mwaka 2009 tango likawa huru, na kitunguu pamoja nalo. Nyanya haikuwamo katika orodha hiyo. Ilibaki miongoni mwa mazao kumi yenye masharti yake maalumu. Bakuli langu, kwa hiyo, lilikuwa na raia wawili walioachiwa na mmoja aliye chini ya uangalizi.

Uhuru huo haukulifaa tango muda mrefu. Mwezi Mei mwaka 2011 ugonjwa wa kuhara damu ulizuka kaskazini mwa Ujerumani, na maafisa wa mjini Hamburg wakayatuhumu matango ya Uhispania. Masoko yakafungwa, Urusi ikapiga marufuku mboga zote za Umoja wa Ulaya, na wakulima wa Andalusia wakamwaga mavuno yao. Zaidi ya watu 50 walifariki. Ilipofika Julai, wachunguzi wa Ulaya walikuwa wamefikia mahali pengine kabisa: chanzo kilichodhaniwa zaidi kilikuwa mbegu za uwatu kutoka Misri, zilizooteshwa na kuliwa zikiwa machipukizi mabichi. Uwatu! Mbegu ile ile ambayo mama zetu humchemshia mzazi ili apate maziwa. Mjini Brussels ikabidi zitengwe Euro milioni 210 kuwafidia wakulima wa mboga ambazo hazikuwa na hatia, nyanya na matango zikiwa mbele.

Adui afuataye njia ile ile

Fidia ya namna hiyo mkulima wa Arusha hakuiona, ingawa naye alipatwa. Kuna nondo mdogo wa kijivu, jina lake la kitaalamu *Tuta absoluta*, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, huko huko walikotoka jamaa wa kale wa nyanya. Viwavi wake hujichimbia ndani ya jani na tunda, mahali ambapo dawa haiwafikii kwa urahisi. Mwaka 2006 aligunduliwa Uhispania. Akavuka kwenda Afrika ya kaskazini, akashuka kupitia Sudan na Ethiopia, na mwaka 2014 alikuwa Kenya na Tanzania. Asipodhibitiwa anaweza kumaliza shamba zima. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la kantangaze, na mtu aliyepoteza shamba haelezwi zaidi maana ya jina hilo.

Nyanya ilihitaji karne nyingi kutoka Mexico, kupitia Uhispania, hadi Ngarenanyuki. Adui yake alipita Uhispania hadi Ngarenanyuki kwa miaka minane. Nilipomsimulia mwenzangu Mbelgiji habari hiyo, siku nyingine, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei ya nyanya Arusha. Lilikuwa swali zuri kuliko majibu yangu yote ya Jumapili ile.

Na Jumapili ile, kwa kweli, ubishi haukumalizwa na mzee wala na Mbelgiji. Ulimalizwa na dada wa Mombasa, ambaye muda wote alikuwa anakitenga kila kipande cha tango pembeni ya sahani yake. Mzee alipomuuliza kulikoni, alijibu bila kuinua macho: "Shikamoo yako naiheshimu, mzee wangu, lakini kachumbari haitiwi tango. Tango ni la kujazia bakuli wageni wakiwa wengi."

Bwana wa Maskati akasema kwao Unguja hutiwa. Mzee akasema Bukavu inategemea nyumba. Yule Mbelgiji, aliyekuwa amekwisha kuelewa kwamba kuna jambo, akasogeza sahani yake na kuomba vile vipande vya tango.